Baiskeli Moja ya Chuma kwa Kazini, Sokoni na Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu huyauliza wakiwa wamesimama dukani au mnadani, mkono mmoja umeshika usukani, mwingine uko mfukoni. Yanaanza na ya msingi na kuishia kwenye yale ya watu wenye mahitaji ya pekee. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na pwani. Aliyeko Mwanza, Mbeya au Bukoba alisome kwa makini swali la 13.

Kwa asiye na muda: angalia kwanza kipimo cha tairi kinachouzwa mtaani kwako, ndipo utafute fremu ya chuma inayokutosha. Vingine vyote hubadilishika.

## Kwa nini chuma

1. Siku hizi baiskeli za aluminiamu zimejaa. Kwa nini ning'ang'anie chuma?

Kwa sababu ya mafundi ulionao. Bomba la chuma likipinda linanyooshwa, likipasuka linachomelewa, na karibu kila mtaa una mtu anayechomelea mageti na madirisha. Aluminiamu nayo huchomelewa, lakini inataka mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea. Tena fremu nyingi za aluminiamu hupoteza nguvu penye joto la kuchomelea mpaka zipitishwe upya kwenye tanuru. Hiyo kazi sijaona mtaani.

Sababu ya pili ni namna madini haya yanavyochoka. Chuma kisipolemewa kupita kiwango chake hutikiswa mamilioni ya mara bila kupata ufa. Aluminiamu haina kiwango hicho. Kila shimo la barabarani linaandikwa kwenye daftari lake. Haina maana kwamba kila fremu ya aluminiamu itakatika, maana watengenezaji hulijua hilo na huongeza unene wa mabomba. Lakini ukinunua mtumba wa miaka 20 usiyejua umepita wapi, chuma kinakupa usingizi.

Kuna wanaosema chuma ni "laini" na hakichoshi mgongo. Mimi nadhani sifa hiyo nyingi ni ya tairi (swali la 12).

2. Si itakuwa nzito?

Chuma kina uzito wa karibu mara tatu ya aluminiamu kwa ujazo uleule. Lakini ugumu wake wa kutopinda nao ni karibu mara tatu, ndiyo maana mabomba ya fremu ya chuma huwa membamba. Ukilinganisha fremu nzuri kwa fremu nzuri, tofauti huwa ndogo: chupa ya maji na chapati zako za mchana.

Ile baiskeli nyeusi ya kizamani inafika kilo 20 hivi kwa sababu kila kitu chake ni chuma: ringi, keria, stendi ya miguu miwili, madigadi na kava la cheni. Baiskeli ya milimani ya chromoli (chuma chenye nguvu zaidi, swali la 3) isiyo na springi huwa kilo 12 hadi 14. Zote mbili ni za chuma.

3. Maandishi "Hi-Ten", "4130" au "Reynolds 531" kwenye fremu yana maana gani?

Ni aina ya chuma cha mabomba. Hi-Ten ni chuma cha kawaida, bomba nene, bei nafuu, fremu nzito kidogo na ngumu kufa. 4130 ni chromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Kwa kuwa kina nguvu zaidi, bomba hufanywa jembamba na fremu inakuwa nyepesi. Reynolds 531 ni ya Uingereza, ilitoka mwaka 1935, na mchanganyiko wake ni wa manganizi na molibdenamu. Ukikuta Tange au Ishiwata, hayo ni mabomba ya Kijapani. Columbus ni ya Italia.

Soma kibandiko mpaka mwisho. Baadhi ya watengenezaji waliweka chromoli kwenye bomba moja au matatu tu, na kibandiko chenyewe husema hivyo kwa maandishi madogo. Na kama hakuna kibandiko, beba sumaku: ikishika, ni chuma. Kujua ni chuma cha aina gani, inua fremu kwa mkono mmoja, kisha ligonge bomba la juu katikati kwa ukucha. Bomba jembamba hulia juu na kuchelewa kunyamaza, bomba nene hutoa mlio mfupi uliozibwa.

Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, Hi-Ten inatosha kabisa. Usilipe mara mbili kwa ajili ya kibandiko.

4. Fremu ya "kila kazi" ninaitambuaje?

Angalia mambo haya matatu, mengine yatafuata:

Nafasi ya tairi. Weka kidole kati ya tairi na fremu, pembeni na juu, kwenye foku (uma wa mbele) na nyuma. Kidole kikipita na madigadi yakiwa yamefungwa, una baiskeli ya barabara ya lami na ya vumbi. Kisipopita, tope la kwanza la masika litaziba gurudumu.

Vitundu vya kukazia keria na madigadi. Vinatakiwa viwe karibu na ekseli ya nyuma, juu kwenye mabomba yanayoshuka kutoka kwenye siti, na kwenye foku. Keria iliyofungwa kwa vibano hushuka taratibu ukibeba dumu la maji. Iliyokazwa kwa skrubu kwenye vitundu vyake haishuki.

Urefu wa uma wa nyuma, yaani kutoka ekseli ya pedali hadi ekseli ya gurudumu. Ukiwa mfupi, kisigino kinagonga begi kila ukizungusha na mzigo unakuvuta kwa nyuma. Baiskeli za mbio ziko hivyo, na ndiyo sababu mojawapo hazifai hapa.

## Aina ipi ninunue

5. Phoenix, Hero, Avon: hizi nyeusi za kizamani bado zina maana?

Zina maana kubwa kama njia zako ni tambarare na mzigo ni wa kweli. Umbo lao ni la baiskeli za Kiingereza za zamani za akina Raleigh wa Nottingham. Phoenix hutoka Shanghai, Hero na Avon hutoka Ludhiana, India. Kenya huiita Black Mamba. Ndiyo iliyobeba abiria mpakani Busia kabla jina la bodaboda halijahamia kwenye pikipiki, na ndiyo inayobeba mkaa, mikungu ya ndizi na kreti za soda mpaka leo.

Nguvu yake iko kwenye vitu vidogo. Gurudumu la nyuma lina spoku 40 na la mbele 32, kwa hiyo mzigo umelalia nyuma mahali penye spoku nyingi. Uma wa nyuma ni mrefu. Vipuri vinapatikana hata kwenye duka la kijijini linalouza chumvi na mafuta ya taa.

Udhaifu ni breki (swali la 14), gia moja, na krenki (mikono ya pedali) zinazoshikwa kwenye ekseli na kotapini, yaani pini ya kabari. Ukisikia "tak" kila pedali inapopita sehemu moja, pini imelegea. Kaza siku hiyohiyo, maana ikiendelea kucheza inakula ekseli na krenki, na utabadilisha vyote.

6. Na zile za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele?

Kwa mjini, ndizo ninazompendekezea mtu asiyetaka maneno mengi. Nyingi ni za chuma, zina kikapu, keria, madigadi, kava la cheni, dainamo na kufuli ya mviringo inayobana gurudumu la nyuma. Fremu haina bomba la juu, kwa hiyo mwenye dera, kanga au baibui anapanda bila sarakasi. Valvu yake ni ileile ya Phoenix, pampu ya fundi inaingia bila kutafuta kichwa kingine.

Tatizo ni tairi. Nyingi ni 26 × 1⅜, na baadhi ni 27 ya Kijapani. Hakikisha unalipata tairi hilo mtaani kabla hujalipa. Soma swali la 11 kwanza. Breki ya nyuma nayo mara nyingi ni ya mkanda unaobana ngoma, na ikishazeeka hupiga kelele kiasi kwamba nyumbani wanaanza kupakua chakula kabla hujafika. Kelele hiyo haina hatari, ila kuimaliza kabisa ni vigumu.

7. Nimeona baiskeli ya milimani ya zamani, haina springi. Ni ya kuacha?

Usiiache! Za kati ya miaka ya mwisho ya 1980 na katikati ya 1990, foku ya chuma isiyo na springi, fremu ya chromoli: hiyo ndiyo baiskeli ya kila kazi kama kuna moja inayostahili jina hilo. Ina nafasi ya tairi pana, vitundu vya keria karibu kila mara, gia za milima, na ringi za aluminiamu zinazoshika breki mvua ikinyesha. Tairi lake ni 26 la desimali (swali la 11), lilelile la baiskeli za Kichina zilizojaa madukani, kwa hiyo hutalikosa.

Itakuja na matairi ya meno makubwa. Yatoe, weka ya mgongo laini yenye upana wa 1.75 hadi 1.95. Badilisha na usukani kama unakuinamisha sana. Hapo una baiskeli ya ofisi ya kupeleka hata shamba.

8. Mpya dukani yenye springi mbele na nyuma inang'aa kuliko zote, na bei yake ni nzuri. Kwa nini wote mnaikataa?

Kwa sababu kwa bei hiyo springi yenyewe ni koili na mpira tu. Inadunda, inakula nguvu zako kila unapokanyaga, na vibushi vyake vikilegea hakuna vingine. Keria haina pa kukaa vizuri. Uzito wake unakaribia ule wa Phoenix na haibebi hata nusu ya mzigo wa Phoenix.

9. Baiskeli ya mbio ya chuma, usukani uliokunjwa chini?

Nzuri kama barabara yako yote ni lami na mzigo wako ni begi la mgongoni. Vinginevyo, hapana.

## Saizi na tairi

10. Nitajuaje kama fremu inanitosha?

Simama juu ya bomba la juu, nyayo zote chini, ukiwa na viatu vya kila siku. Kati ya bomba na mwili kuwe na nafasi ya sentimita 2 hadi 5. Kwenye fremu isiyo na bomba la juu, kipimo hiki hakina kazi. Angalia umbali wa mikono. Ukikaa, viwiko vibaki vimekunjika kidogo na uweze kugeuza shingo kutazama nyuma bila kuyumba.

Siti hupimwa kwa kisigino: pedali ikiwa chini kabisa, kisigino kikiwa juu yake, mguu unyooke. Ukishahamishia sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kiasi kinachotakiwa. Wengi mjini wanaendesha siti ikiwa chini mno ili miguu ifike chini wakisimama, kisha wanalalamika magoti.

Baiskeli nyeusi za kizamani huja hasa na fremu za inchi 22 na 24. Ile ya 24 ni ya watu warefu. Kununua kubwa "ili mtoto akue nayo" ni kumfundisha mtoto kuanguka.

11. Nimenunua tairi la 26 na gurudumu langu ni 26, mbona haliingii?

Kwa sababu kuna 26 nyingi. Swali hili limewatia watu hasara kuliko mengine yote hapa, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Namba ya inchi ni jina la kale la ukubwa wa nje wa tairi lililojaa upepo. Kinachoamua kama tairi litakaa kwenye ringi ni kipenyo cha pale tairi linapokalia. Kipimo hicho kimechapwa ubavuni kwa milimita, tarakimu tatu baada ya kistari, kwa mfano 47-559. Hiyo 559 ndiyo ya kukariri.

| Linaitwa | Milimita | Hupatikana kwenye |
|---|---|---|
| 26 × 1.75, 1.95, 2.1 | 559 | baiskeli za milimani, za zamani na za Kichina |
| 26 × 1⅜ | 590 | za Kijapani zenye kikapu, za Kiingereza za gia tatu |
| 700C, 28 × 1⅝ × 1⅜ | 622 | za mbio, nyingi za mtumba wa Ulaya |
| 27 × 1⅜, 27 × 1¼ | 630 | za Kijapani za "27", za mbio za kale |
| 28 × 1½ | 635 | Phoenix, Hero, Avon, na baadhi ya za Kiholanzi |

Desimali na sehemu si kitu kimoja. 26 × 1.75 na 26 × 1¾ ukizisoma kwa hesabu za darasani ni sawa, lakini ni matairi ya ringi mbili tofauti. Muuzaji akikuambia "litaingia tu, lazimisha", muulize kama atalirudisha likishapasuka.

Ukiwa na ringi ya 635 unaishi vizuri kijijini. Ukiwa na 559 unaishi vizuri kila mahali. Mwenye 590 au 630 anunue matairi mawili ya akiba siku atakayoyaona.

12. Tairi pana au jembamba? Na upepo kiasi gani?

Kwa barabara zetu, milimita 40 hadi 50. Tairi pana lenye upepo wa wastani linameza vishimo ambavyo tairi jembamba lingevipeleka moja kwa moja kwenye kiuno. Kwenye lami halikucheleweshi kama unavyofikiri, ilimradi mgongo wake uwe laini. Kinachochelewesha ni meno.

Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni. Fundi asiye na geji hupima kwa kidole gumba, na inatosha: bonyeza ubavu, uzame kidogo kisha ukatae. Mwenye mzigo ajaze zaidi nyuma. Upepo mdogo mno ndio unaoleta ile pancha ya matundu mawili yaliyo sambamba, tyubu inapobanwa kati ya ringi na ukingo wa shimo.

Kwa mbigili, dawa ya kienyeji ni kukata tairi kuukuu jembamba, kuondoa kingo zake na kulilaza kati ya tairi na tyubu. Inaongeza uzito, na inafanya kazi. Kata ncha zake kwa mshazari na uzisugue zilainike, la sivyo zenyewe ndizo zitakazotoboa tyubu.

## Gia na breki

13. Nahitaji gia ngapi kweli?

Tambarare: moja. Vilima vya kawaida: tatu. Milima au mizigo milimani: gia za nje, zenye meno mengi nyuma.

Hesabu yake si ngumu. Baiskeli nyeusi yenye meno 46 mbele na 20 nyuma inasogea mita 5 na kidogo kila pedali ikizunguka mara moja. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 18 hivi kwa saa, mwendo mzuri wa kwenda kazini bila kulowa jasho. Lakini mita hizo 5 kwenye mlima wa Mwanza zinakushusha uanze kusukuma. Baiskeli ya milimani yenye 28 mbele na 28 nyuma inasogea mita 2 tu kwa mzunguko. Unapanda polepole, lakini unapanda.

Gia tatu za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu la nyuma), kama Sturmey-Archer za Kiingereza au Shimano za Kijapani, hushuka karibu robo na kupanda karibu theluthi kutoka ile ya katikati. Uzuri wake ni kwamba mchanga haufiki ndani na unabadilisha ukiwa umesimama. Ubaya ni kwamba si kila fundi anaweza kuifungua na kuirudisha. Mara nyingi haihitaji kufunguliwa: ikiruka, shida huwa kwenye waya uliolegea. Rekebisha waya kwanza kabla hujamruhusu mtu kushika spana.

Kwa gia za nje, usitafute namba kubwa. Kibandiko cha "gia 21" hakikuongezei kitu kama ile ndogo kabisa haikupandishi mlima wako.

14. Breki ipi inashika mvua ikinyesha?

Raba ikikutana na ringi ya chuma iliyolowa, breki karibu haipo. Hii ndiyo kasoro kubwa ya baiskeli nyeusi zenye breki za fito, ambazo raba zake huvutwa juu kuibana ringi kwa upande wa ndani. Kausha kwanza: bana breki kidogo kidogo mapema kabla ya makutano, raba ifute maji, kisha ndipo ubane kwa kusimama. Na uache nafasi mara mbili.

Ringi za aluminiamu hubadilisha hali kabisa. Kama ringi yako ya chuma imeshakula kutu, nunua ya aluminiamu ya kipimo kilekile na idadi ileile ya spoku. Ila ringi ya breki za fito ina umbo lake, na breki za pembeni zinahitaji ringi yenye ubavu bapa, kwa hiyo utabadilisha breki pamoja na ringi.

Breki za ngoma, na ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume kwenye baiskeli za Uholanzi na Ujerumani, hazijali mvua. Diski ni nzuri, lakini kwa baiskeli ya kila siku ya chuma sioni ulazima wake. Na kama fremu haikutengenezewa diski, usichomelee kishikio mwenyewe.

Breki mbili, mbele na nyuma. Anayeng'oa ya mbele kwa kuogopa kupinduka ameng'oa ile inayosimamisha.

## Kukagua mtumba

15. Nikague nini kabla ya kulipa?

Anza nyuma tu ya bomba la usukani, upande wa chini wa bomba linaloshuka kwenda kwenye pedali. Pitisha ukucha taratibu. Baiskeli iliyogonga ukuta au gari huacha kijiwimbi pale, hata kama rangi imefunika, na ukucha unakisikia kabla ya jicho. Ukikuta mkunjo, rudisha.

Kisha uzi. Funga ncha moja pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kulia, uuvute mpaka mbele, uzungushe kwenye bomba la usukani, uurudishe mpaka ekseli upande wa kushoto. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la siti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita 2 au 3 ni ya kawaida. Ikizidi sana hapo, fremu imepinda. Fundi mzuri wa chuma anaweza kuinyoosha, lakini bei ishuke.

Chomoa siti. Ikikataa kabisa kutoka, nguzo imegandana na bomba kwa kutu na kuitoa ni kazi ya siku nzima, wakati mwingine na msumeno. Ikitoka, chungulia ndani kwa tochi ya simu: vumbi jekundu ni la kawaida, magamba yanayodondoka si ya kawaida.

Inua gurudumu, lizungushe, shika kijiti kando ya ringi. Kuyumba kidogo hunyooshwa kwa spoku. Ringi inayoruka juu na chini imegonga shimo, hiyo ni ya kubadilisha. Mwisho shika krenki uisukume kulia na kushoto. Ikicheza, gololi au vikombe vyake vimekwisha, jambo la bei ndogo na zuri kwa kuombea punguzo.

16. Imepakwa rangi mpya. Ni dalili njema?

Ni dalili ya rangi. Fanya ya swali la 15 mara mbili, na utazame maungio yote kama kuna uvimbe wa kuchomelewa uliosuguliwa.

17. Nitajuaje si ya wizi?

Tafuta namba ya fremu, mara nyingi iko chini ya bomba fupi la ekseli ya pedali au juu karibu na siti. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikianeni karatasi yenye namba hiyo mbele ya mjumbe au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Ukiipiga picha namba hiyo nayo, siku baiskeli ikiibwa utakuwa na cha kuonyesha polisi.

## Kuitumia kila siku

18. Niongeze nini kwanza?

Madigadi, keria, kengele, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kufuli. Kwa mpangilio huo, isipokuwa kama unarudi usiku, basi taa zipande juu kabisa. Dainamo haiishiwi chaji, lakini huzimika ukisimama. Weka na taa ndogo ya betri nyuma. Kwa nguo ndefu, funga wavu au kava pembeni mwa gurudumu la nyuma, na usikubali fundi akutolee kava la cheni eti "linapiga kelele". Likunje kidogo, litanyamaza.

Begi liende kwenye keria. Nusu ya jasho la asubuhi hutoka mgongoni chini ya begi.

19. Niko Zanzibar, baiskeli inaoza. Nifanyeje?

Chumvi ya hewani hula chuma kutoka ndani, mahali usipoona. Chomoa siti, geuza fremu, mimina kijiko cha mafuta ya injini kwenye bomba, igeuzegeuze kila upande mafuta yatambae, kisha iache idondoshe usiku kucha juu ya gunia. Hakikisha kitundu cha kutolea maji chini ya ekseli ya pedali hakijazibwa na tope au rangi. Paka grisi nguzo ya siti na skrubu zote kabla ya kuzirudisha. Mikwaruzo ya nje igusie rangi, hata ya kucha. Ukipita ufukweni, osha kwa maji yasiyo na chumvi ukifika. Mchanga wa pwani na cheni havikai nyumba moja.

20. Fremu imepasuka. Fundi wa mageti anafaa?

Inategemea bomba. Hi-Ten nene huvumilia kuchomelewa kwa umeme na mtu mwenye mkono mwepesi. Chromoli nyembamba hutoboka, au hubaki na sehemu ngumu kavu inayokatika tena milimita chache pembeni. Kwa hiyo tafuta anayetumia gesi na shaba ya manjano, ambayo huyeyuka kwa joto dogo kuliko chuma chenyewe. Ufa kwenye foku ni habari nyingine: usichomelee, badilisha. Foku ikikatika, utatua kwa meno.

## Mahitaji ya pekee

21. Gurudumu la nyuma nililopata ni pana kuliko uma wa fremu yangu. Naweza kuutanua?

Kwa chuma, ndiyo. Fremu za zamani zina milimita 110 au 120 kwa gia moja au chache, 126 kwa gia 6 au 7; magurudumu ya baadaye ni 130 ya barabarani na 135 ya milimani. Kutoka 126 kwenda 130 huvutwa kwa mkono tu ukiingiza gurudumu. Zaidi ya hapo uma unapindwa kwa makusudi, upande mmoja mmoja, ukipima kwa uzi wa swali la 15, na ncha zake zinyooshwe zibaki sambamba. Kwenye aluminiamu usijaribu kabisa.

22. Mimi ni mzito, au nabeba mtu kila siku. Nibadilishe nini?

Gurudumu la nyuma. Spoku 36 au 40, tairi la milimita 47 na kuendelea, na ringi yenye kuta mbili kama unatumia aluminiamu. Fremu ya chuma yenyewe itakuwa ya mwisho kulalamika. Gurudumu jipya lirudishe kwa fundi baada ya wiki moja akaze tena spoku, maana hulegea zikishajikalia.

23. Naweza kufunga mota ya umeme?

Fremu ya chuma inafaa kuliko nyingi, kwa sababu ncha za uma za chuma hazifunguki kirahisi ekseli ya mota inapotaka kujizungusha. Hata hivyo funga mkono wa chuma wa kuzuia ekseli isizunguke, hasa mota ikiwa kwenye foku ya mbele. Nati peke yake haitoshi. Breki za fito zitoke kwanza. Betri ikae ndani ya pembetatu ya fremu au chini kwenye keria, usiitundike kwenye usukani, na waya ziache ulegevu wa kutosha pale usukani unapogeuka mpaka mwisho, kulia na kushoto.